Biblia yenye marejeo: tathmini ya kitabu cha kumpimia mhubiri

Kitabu ninachokitathmini hapa si kipya. Tafsiri ya Union Version ilitoka mwaka 1952, na karibu kila nyumba ya Kikristo inayosoma Kiswahili ina nakala yake kabatini, au juu ya kabati. Sababu ya kukiandikia tathmini kana kwamba kimeletwa sokoni wiki iliyopita ni kwamba watu wengi hukinunua kwa kazi moja, yaani kubebwa kanisani siku ya Jumapili, ilhali kina kazi nyingine ambayo katika miaka hii imekuwa ya haraka zaidi, nayo ni kumsaidia muumini wa kawaida kutambua kama anachoambiwa na mtu aliyeshika kipaza sauti kimeandikwa kweli, na kama kimeandikwa kwa maana hiyo anayopewa. Kwa hiyo sitapima uzuri wa jalada wala uimara wa zipu. Nitakipima kwa swali moja tu: mtu akisomewa mstari mmoja ili atoe fedha, anyamaze, au aache nyumba yake, je, kitabu hiki kinamrudisha upesi kwenye sura nzima ambamo mstari huo ulichomolewa?

Nimeliweka swali hivyo kwa makusudi. Udanganyifu wa kidini wa siku hizi haukatai Biblia, bali huinukuu. Anayetaka kukupotosha hakuletei kitabu kigeni. Hukuletea nusu ya sentensi unayoifahamu tangu Shule ya Jumapili, akaikata mbele na nyuma. Hata jaribu la Yesu lilikuja kwa njia hiyo. Katika Mathayo 4:6 Ibilisi anasema “imeandikwa”, na kweli imeandikwa, katika Zaburi 91:11-12; lakini ameyaacha maneno “katika njia zako zote”, na amesimama kabla ya mstari wa 13, ambao unamhusu nyoka mwenyewe. Yesu hakumjibu kwa kuyakana Maandiko. Alimjibu kwa andiko jingine, Kumbukumbu la Torati 6:16, na kwa jibu hilo akatuonyesha namna ya kufanya kazi hii: andiko hupimwa kwa andiko, tena likiwa zima.

Nakala ninayoitumia ni ya Union Version yenye marejeo, yaani zile namba ndogo za sura na mistari zinazokuelekeza mahali pengine ambapo jambo lile lile limesemwa. Ni ya jalada gumu, ya ukubwa wa kati, safu mbili kwa ukurasa, na ramani mwishoni. Si kila nakala inayouzwa ina marejeo hayo. Nyingi za bei nafuu, hasa zile ndogo za kutia mfukoni, zimeyaondoa ili kuokoa karatasi, na muuzaji hatakuambia usipouliza, kwa sababu wanunuzi wengi huuliza rangi. Kwa kazi ninayoizungumzia, nakala isiyo na marejeo imepoteza nusu ya thamani yake.

Kipimo cha kwanza nilichokitumia ni Zaburi 105:15: “Msiwaguse masihi wangu, wala msiwadhuru nabii zangu.” Sijui mstari unaotumika zaidi ya huu kuwanyamazisha waumini. Mhasibu wa kanisa akiuliza hesabu za ujenzi, anasomewa huu. Binti akilalamika juu ya maombi ya faragha usiku, mama yake anasomewa huu. Muumini akiuliza kwa nini unabii wa mwaka jana haukutimia, anaambiwa ajihadhari asije akapigwa ukoma kama Miriamu. Maana inayopewa mstari huu ni kwamba mtumishi wa Mungu hahojiwi.

Fungua sasa sura yenyewe. Kuanzia mstari wa 8 mtunzi anakumbuka agano la Mungu na Ibrahimu, Isaka na Yakobo, walipokuwa watu wachache, wageni, wakitangatanga kutoka taifa hadi taifa, na anasema kwamba Mungu hakumwacha mtu awaonee, hata wafalme aliwakemea kwa ajili yao. Hao “masihi”, yaani waliopakwa mafuta, ni familia ya wakimbizi wasio na ardhi, na wanaoonywa wasiwaguse ni wafalme wenye majeshi. Mstari ulioandikwa kumlinda mnyonge dhidi ya mwenye nguvu umegeuzwa ngao ya mwenye nguvu dhidi ya mnyonge. Hilo unaliona kwa kusoma mistari saba tu ya juu yake, bila marejeo yoyote.

Lakini marejeo ndiyo yaliyonifanya nikipende kitabu hiki. Katika nakala yangu yananipeleka Mwanzo 20:7, mahali ambapo Mungu anamwambia Abimeleki, mfalme wa Gerari, katika ndoto, kwamba Ibrahimu ni nabii, na amrudishe Sara. Hapo unakutana na jambo ambalo mhubiri wa “msiwaguse” hatakusomea kamwe. Nabii huyo asiyepaswa kuguswa alikuwa amedanganya. Alisema mkewe ni dada yake. Na asubuhi, katika mstari wa 9, Abimeleki anamwita Ibrahimu na kumhoji waziwazi kwamba amewatenda nini na amemkosea nini hata akamletea dhambi kubwa hivyo. Ibrahimu hakumwambia mfalme asimguse masihi wa Bwana. Alijieleza. Mungu naye hakumpiga Abimeleki kwa kuuliza, alimponya. Kwa hiyo kisa ambacho mstari huo umesimama juu yake ni kisa cha nabii kutakiwa maelezo na mtu asiye hata wa imani yake, na kuyatoa. Ikiwa kitabu kinaweza kukufikisha hapo kwa kukuonyesha namba moja ndogo chini ya ukurasa, basi kimefanya kazi ambayo semina ya siku tatu isingeifanya.

Kipimo cha pili ni Malaki 3:10, mstari wa zaka, unaoagiza zaka iletwe ghalani na kuahidi kufunguliwa kwa madirisha ya mbinguni. Niseme mapema kwamba mimi natoa zaka na sina nia ya kumshawishi mtu aache. Ninachokitathmini ni jinsi mstari unavyotumika. Kenya ilishuhudia mwaka 2014, kwa njia ya televisheni, habari za mhubiri aliyekuwa akiwataka watu watume “mbegu” ya shilingi 310 kwa simu ili waombewe, kiasi ambacho tarakimu zake ni zile zile za sura na mstari wa Malaki. Baada ya kufichuliwa, kiasi hicho kiligeuka mzaha mitandaoni, lakini mbinu haikufa; imebadilisha tu kiwango cha fedha na namba ya kutumia.

Ukifungua Malaki tangu mwanzo, kitu cha kwanza unachokiona ni kwamba lawama nzito zimeelekezwa kwa makuhani. Sura ya 1 mstari wa 6 inawataja, na sura ya 2 inaanza kwa kusema wazi kwamba amri hii yawahusu wao. Sura ya 3 mstari wa 5, mistari mitano tu kabla ya ahadi ya madirisha ya mbinguni, Bwana anasema atakuwa shahidi dhidi ya wale wamwoneao mwenye kuajiriwa katika mshahara wake, na mjane, na yatima, na mgeni. Marejeo ya mstari wa 10 yanakurudisha kwenye sheria za zaka, na Kumbukumbu la Torati 14:28-29 inaeleza zaka ya mwaka wa tatu iliyowekwa ndani ya malango ili Mlawi, mgeni, yatima na mjane waje wale washibe. Mjane katika maandiko haya ni mtu anayelishwa kwa zaka. Mkutano ambao mjane huuza cherehani yake ili apande mbegu, na mhubiri akaondoka kwa gari jipya, umeigeuza sheria hiyo miguu juu, na aliyeisoma sura nzima hahitaji shahada ya theolojia ili aligundue hilo.

Nilitumia Hosea 4:6 kwa haraka tu, lakini inastahili kutajwa. “Watu wangu wanaangamizwa kwa kukosa maarifa” ni mstari unaopendwa sana katika matangazo ya semina za kulipia, na maarifa yenyewe ndiyo bidhaa inayouzwa. Sentensi hiyo haijaishia hapo. Inaendelea kumwambia kuhani kwamba kwa kuwa ameyakataa maarifa, naye atakataliwa asiwe kuhani. Wanaolaumiwa ni viongozi. Sijawahi kuona bango likimalizia mstari huo.

Kipimo cha tatu ni kizito, na sikukichagua kwa urahisi. Mwezi wa Aprili mwaka 2023 polisi wa Kenya walianza kufukua makaburi katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, na idadi ya miili ilipita 400, wakiwemo watoto wengi. Waliokuwa wamehamia msituni waliambiwa wafunge kula mpaka wafe ili wakakutane na Yesu kabla ya mwisho wa dunia. Mhubiri anayedaiwa kuwaongoza alishtakiwa na akayakana mashtaka, na hukumu ni kazi ya mahakama. Ninalouliza mimi ni la mnunuzi wa kitabu: Biblia ya Kiswahili ya kawaida, ile ile iliyokuwa mikononi mwa watu hao, ilikuwa na nini cha kuwaambia?

Ilikuwa na mengi, na yote yako wazi kuliko nilivyotarajia. Mathayo 24, sura ambayo wahubiri wa siku za mwisho huirudia kuliko zote, inaanza mafundisho yake katika mstari wa 4 kwa maneno “Angalieni, mtu asiwadanganye”, na inafika mstari wa 26 ikisema: “Basi wakiwaambia, Yuko jangwani, msitoke.” Mstari wa 36 unasema habari ya siku ile na saa ile hakuna aijuaye, hata malaika. Kuhusu kufunga, Mathayo 4:2 inasema Yesu alifunga siku arobaini, kisha akaona njaa, na mstari wa 11 unaeleza kwamba malaika walikuja wakamtumikia. Ukifuata mkondo wa maonyo juu ya mafundisho ya namna hiyo unafika 1 Timotheo 4:1-3, ambako Paulo anawataja watu watakaojitenga na imani wakisikiliza roho zidanganyazo, nao wakiwazuia watu wasioe na kuwaamuru wajiepushe na vyakula ambavyo Mungu aliviumba vipokewe kwa shukrani. Wakolosai 2:23 inayataja mafundisho yanayoonekana kuwa na hekima kwa sababu ya kuutesa mwili, na inasema hayafai kitu.

Hapa lazima niwe mwangalifu, kwa sababu ni rahisi kwa mtu aliyeshiba na kukaa chini ya feni kusema kwamba waliokufa walikuwa na dawa mkononi wakakataa kuinywa. Mtu hafiki msituni kwa siku moja. Kwanza hutengwa na ndugu zake, watoto wake huondolewa shuleni, mali yake huuzwa, na anapofika mahali pa kuambiwa asile, tayari hana mtu wa kumuuliza. Biblia iliyo mikononi mwa mtu aliyetengwa husomwa kwa sauti ya yule aliyemtenga. Hiyo ni kasoro ambayo hakuna toleo la kitabu linaloweza kuirekebisha, na nitairudia.

Uganda walipitia msiba wa namna hiyo mapema zaidi. Huko Kanungu, tarehe 17 Machi mwaka 2000, mamia ya waumini wa kikundi kilichotangaza mwisho wa dunia waliteketea ndani ya jengo lao la ibada, baada ya tarehe iliyotajwa kupita bila kutokea kitu. Kumbukumbu la Torati 18:22 ina kanuni ya hali hiyo hasa, na Union Version inaitoa kwa ukali unaofaa: nabii akinena kwa jina la Bwana na jambo lisitimie, hilo silo neno la Bwana, amelinena kwa kujikinai, yaani kwa kiburi, “usimwogope”. Na ili mtu asifikiri kwamba unabii uliotimia unatosha kuwa ushahidi, sura ya 13 ya kitabu hicho hicho, mistari ya kwanza mitatu, inasema kwamba hata ishara ikitukia, mtu anayekuvuta ufuate miungu mingine asisikilizwe. Sura hizo mbili zikisomwa pamoja zinaziba mianya miwili, ule wa nabii anayekosea na ule wa nabii anayebahatisha.

Hayo ndiyo mazuri ya kitabu. Udhaifu wake mkubwa ni lugha. Kiswahili cha mwaka 1952 ni kizuri masikioni, nami nimekulia ndani yake, lakini kijana wa kidato cha pili anakwama penye “walakini”, “yamkini” na “kujikinai”, na msomaji anapokwama humgeukia mtu wa kumfasiria, ambaye anaweza kuwa ndiye mtu wa kujihadhari naye. Kwa sababu hiyo ninapendekeza kila nyumba iwe pia na Biblia Habari Njema, iliyotolewa na Vyama vya Biblia vya Tanzania na Kenya katika miaka ya 1990. Lugha yake ni ya kila siku, vichwa vidogo vinakuonyesha habari inapoanzia na kuishia, na lipo toleo lenye vitabu vya Deuterokanoni kwa Wakatoliki. Kwa kusoma sura nzima kwa mkupuo mmoja, naiweka juu ya Union Version bila kusita. Kwa kukariri na kwa kufuatilia mstari ulionukuliwa mimbarani naiweka chini, kwa sababu wahubiri wengi wa Kiprotestanti hunukuu Union Version, na msikilizaji anayeutafuta mstari kwa maneno aliyoyasikia hataupata ukiwa vile vile. Ipo pia Neno, tafsiri ya shirika la Biblica, ambayo inakaa katikati ya hizo mbili na inafaa kwa kulinganisha. Sijaitumia kwa kina cha kutosha kuipa hukumu nzito.

Programu za simu zinahitaji maneno zaidi, maana ndiko vijana waliko. YouVersion, iliyoanzishwa mwaka 2008 na kanisa la Life.Church la Oklahoma, Marekani, ni ya bure, ina tafsiri kadhaa za Kiswahili, na inakuwezesha kutafuta neno lolote kwa sekunde moja. Kwa kutafuta, haina mshindani. Mtu akisikia mstari kwenye redio bila kutajiwa mahali ulipo, anaandika maneno matatu tu na kuupata, kisha anaulinganisha katika tafsiri mbili au tatu. Wazee ambao macho yamechoka wanaweza kusikiliza baadhi ya matoleo yakisomwa kwa sauti. Mtu asiyeweza kununua kitabu ana Biblia nzima mfukoni. Haya si mambo madogo.

Hata hivyo nina shaka na jinsi simu inavyotuzoesha kusoma. Mstari wa siku unakuja asubuhi ukiwa peke yake, juu ya picha ya machweo, tayari kurushwa kwenye kundi la WhatsApp la familia. Unaweza kugusa na kufungua sura, lakini ni wangapi hugusa? Mtu anayekula mistari mmoja mmoja kila asubuhi kwa miaka mingi amezoezwa kupokea Biblia kwa umbo lile lile analolitumia mdanganyifu: mstari mmoja, usio na aliyeuandika, usio na walioandikiwa, unaonihusu mimi leo. Sitaki kuilaumu programu kwa tabia ya watumiaji wake, lakini katika tathmini ya kifaa tabia kinayoikuza ni sehemu ya kifaa. Karatasi ina faida moja ya kizamani, kwamba huwezi kuutazama mstari wa 10 bila jicho kuuona mstari wa 5. Kwa hiyo ninatumia simu kutafuta, na kitabu kusomea.

Kifaa cha nne kinachosahaulika ni itifaki, kile kitabu kinachopanga maneno ya Biblia kwa alfabeti na kuonyesha kila mahali neno linapopatikana. Wengi wanaona simu imekifuta. Mimi bado nakiona na faida, kwa kuwa ukilitazama neno kama “mafuta” au “mbegu” likiwa limepangwa ukurasa mzima, unaona kwa macho jinsi matumizi yake yalivyotawanyika, na jinsi machache kati yake yanavyofanana na yale unayoyasikia jukwaani. Ni kitabu kikubwa na kizito, na mtu mmoja katika kikundi akiwa nacho inatosha.

Nimetaja mafuta, na nisingependa kupita bila kusema kwamba bidhaa hizi za karatasi zina washindani sokoni. Kuna chupa za mafuta ya upako, maji ya upako, chumvi, vitambaa, stika za kubandika mlangoni, na vyote huuzwa kama kinga. Mjini Moshi, tarehe 1 Februari 2020, watu 20 walikufa wakikanyagana katika uwanja walipokuwa wakikimbilia kukanyaga mafuta yaliyoombewa. Yakobo 5:14 inataja mafuta, na makanisa mengi yenye heshima huwapaka wagonjwa. Lakini katika andiko hilo mgonjwa anawaita wazee wa kanisa, wazee wanamwendea alipo, wanamwombea, na hakuna bei. Tofauti ya msingi kati ya bidhaa hizo na kitabu ni kwamba chupa ikiisha unarudi kwa aliyekuuzia, na kila unaporudi unamtegemea zaidi, lakini kitabu chenye marejeo, ukikizoea, kinakupunguzia haja ya kumtegemea mtu yeyote, akiwemo aliyekuuzia.

Narudi kwenye ile kasoro niliyoiahirisha. Biblia yenye marejeo haimlindi msomaji aliye peke yake kwa kiwango ambacho matangazo ya wauzaji, na pengine hata tathmini hii mpaka sasa, yangekufanya uamini. Wadanganyifu nao wanayo, wengine wanaijua kuliko sisi, na marejeo yenyewe ni kazi ya wahariri waliochagua lipi liambatane na lipi. 2 Petro 1:20 inatahadharisha kwamba unabii wa Maandiko haufasiriwi kama apendavyo mtu fulani tu, na onyo hilo linanihusu mimi na meza yangu kama linavyomhusu mwenye jukwaa. Watu wa Beroya wanaosifiwa katika Matendo 17:11 kwamba walikuwa waungwana walilipokea neno “kwa uelekevu wa moyo, wakayachunguza maandiko kila siku, waone kwamba mambo hayo ndivyo yalivyo”. Walikuwa wengi, wakichunguza pamoja, na aliyechunguzwa alikuwa Paulo, ambaye hakukasirika. Ona pia kwamba walipokea kabla ya kuchunguza. Hawakuwa watu wa kushuku kila kitu. Nimewafahamu Wakristo waliogeuza uchunguzi kuwa ibada yao, wakamkosoa kila mchungaji mpaka wakabaki nyumbani na kompyuta, na huko wakamezwa na mwalimu mmoja wa mtandaoni ambaye hawajawahi kumwona akiishi na mkewe wala akilipa deni.

Ndiyo maana matumizi bora niliyoyaona ya kitabu hiki ni katika jumuiya ya nyumbani, siku ya katikati ya wiki, watu wanane au kumi wakiwa na tafsiri zisizofanana. Mmoja anasoma Union Version, mwingine Habari Njema, kijana anatafuta kwa simu, na mzee aliyekaa kanisani miaka hamsini anakumbuka kwamba fundisho hilo lilipita hapa zamani na jinsi lilivyoisha. Anayeongoza anauliza maswali matatu ya kawaida: nani anasema, anamwambia nani, na nini kimetangulia. Ukiwa na mchungaji anayekubali maswali hayo yaulizwe juu ya mahubiri yake ya Jumapili, umepata kitu kisichouzwa dukani. Ukiwa na anayekasirika, nalo ni jibu.

Kwa anayetaka kununua, ushauri wangu ni huu. Kama una uwezo wa nakala moja tu na utaitumia kwa kuchunguza, chukua Union Version yenye marejeo, ya jalada gumu, herufi za ukubwa wa kati. Ya ngozi na zipu inaweza kukugharimu mara mbili au zaidi bila kukuongezea mstari hata mmoja. Kwa zawadi ya kipaimara, au kwa mtu aliyeokoka juzi na hajazoea lugha ya kanisa, mpe Habari Njema. Kwa bibi asiyeona vizuri, mwekee toleo la kusikiliza kwenye simu ya mjukuu, na umwombe mjukuu amwekee sura nzima kila mara. Vikundi vinunue itifaki moja kwa kuchanga. Nunua katika duka la Chama cha Biblia au duka la vitabu la dayosisi ukiweza, kwa sababu nakala za barabarani wakati mwingine zina kurasa zilizorukwa au kujirudia. Nakala niliyowahi kuinunua kwa mchuuzi ilikosa sehemu ya Yeremia, pamoja na sura ya 23, ile ya manabii wanaotabiri ambao Bwana hakuwatuma. Kabla ya kulipa, fungua Zaburi 105, utazame chini ya mstari wa 15 kama pameandikwa Mwanzo 20. Kama hapana, mwombe muuzaji akuonyeshe nyingine.